Umeme wa Koni unafika mbali. Je, tangazo la sanaa linafika Koni?

LIKASI, Haut-Katanga – Kwenye mto Lufira, chini kidogo ya Mwadingusha, kituo cha umeme cha Koni kilianza kutoa nguvu mwaka 1950. Mashine zake tatu zilijengwa kwa ajili ya megawati 42. Tangu enzi za Union Minière, nguvu hiyo imekuwa ikipanda kwenye waya na kwenda kusukuma viwanda vya shaba. Mtu akisimama Koni, anaelewa haraka jinsi kitu kinavyoweza kutoka mahali fulani kikafika mbali sana bila kuangaza nyumba zilizo karibu nacho.

Habari za sanaa nazo husafiri namna hiyo. Maonyesho ya picha ya Lubumbashi yanajulikana Brussels na Paris kabla ya kujulikana Kikula. Kikundi cha mchezo cha Likasi kinapata alama za kupendwa kutoka kwa Wakongo wa Ubelgiji na Afrika Kusini, huku viti vya mbele vikibaki wazi. Mama wa Panda au kijana wa Koni anasikia Jumapili kwamba jana kulikuwa na ngoma.

Vikundi vingi vya sanaa katika jimbo letu vimehamishia matangazo yao yote kwenye Facebook na WhatsApp. Sababu inaeleweka: ni rahisi, ni haraka, na kuchapa afishi kunakula franka. Swali ambalo wengi hawajiulizi ni hili: tunapotangaza kwa simu, tunamwita nani, na tunamfungia nani mlango bila kujua?

Nani anaona afishi?

Tuseme kikundi kimoja cha Likasi kimetayarisha mchezo wa kuigiza kwa siku ya Jumamosi. Jumatano usiku, kijana mmoja wa kikundi anatengeneza afishi nzuri kwenye simu yake: picha ya rangi, maandishi ya Kifaransa, majina ya wafadhili chini. Anaiweka Facebook, anaituma kwenye grupu tatu za WhatsApp, halafu analala akijua kazi imekwisha.

Tuifuate afishi hiyo. Mama anayeuza unga sokoni ana simu ndogo ya vibonyezo, ile yenye tochi. Kwake afishi haikuzaliwa kabisa. Mwanafunzi wa jirani yake ana simu ya Androidi, lakini mega zimekwisha tangu Jumanne, na pesa ya kununua nyingine ataipata mwisho wa juma. Ataiona afishi Jumapili.

Mzee asiyeona anatumia simu inayomsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Programu hiyo, TalkBack, imo ndani ya simu nyingi za Androidi. Lakini mara nyingi simu haiwezi kusoma maneno yaliyochapwa ndani ya picha. Inamwambia tu kwamba kuna picha. Msichana kiziwi wa mtaa wa pili ametumiwa mwaliko kwa njia ya ujumbe wa sauti, ile watu wanaiita vokali, na yeye pia amebaki nje. Familia inayoishi mbali na mji, kule Lufira, inategemea mtandao wa kubahatisha na inachaji simu pale panapopatikana umeme.

Hakuna hata mmoja kati ya hao watano aliyesema hapendi mchezo. Hawakuulizwa tu. Kesho yake kikundi kitasema: “Watu wa hapa hawapendi sanaa.” Maneno hayo yanarudiwa sana katika miji yetu, na mara nyingi si kweli.

Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba karibu mtu mmoja tu kati ya watano katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anapata umeme. Na wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara wana nafasi ndogo kuliko wanaume ya kumiliki simu yenye intaneti. Kwa hiyo kikundi kinachotangaza Facebook peke yake kimekwisha kuchagua hadhira yake: mtu wa mji, mwenye pesa kidogo, anayesoma Kifaransa, na mara nyingi mwanaume.

Gharama pia ina historia yake. Mwezi Septemba 2020 serikali ilianzisha tozo ya RAM juu ya simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Pesa hiyo ilikatwa kidogo kidogo kwenye uniti za mteja. Wananchi walilalamika, wabunge wakapiga kelele, na mwanzoni mwa mwaka 2022 tozo ikaondolewa. Wakati ule watu wengi walizoea kuhesabu kila mega. Wengine watakumbuka pia kwamba baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kwa karibu majuma matatu. Kikundi ambacho hakina njia nyingine ya kuwafikia watu wake, siku kama hizo kinanyamaza kabisa.

Wazee walijua watu wao

Eneo hili lina mafunzo yake lenyewe. Mwaka 1952, katika mji huu huu uliokuwa ukiitwa Jadotville, mtafiti Hugh Tracey alikutana na kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa upande wa Bunkeya. Alirekodi nyimbo zake, ikiwemo “Masanga”. Sahani zile na redio zilimpeleka Bosco hadi Kenya, ambako alikuwa na kipindi chake redioni na akaathiri kizazi kizima cha wapiga gitaa. Aliimba kwa Kiswahili ambacho mfanyakazi wa mgodi, mama wa soko na dereva wa lori walikielewa. Sahani na redio vilikuwa teknolojia mpya za wakati ule, lakini lugha ilikuwa ya watu.

Halafu kuna Mufwankolo. Kundi la mchezo la Odilon Kyembe Kaswili, aliyejulikana kwa jina hilo la Mufwankolo, liliwachekesha na kuwafundisha watu wa Lubumbashi kupitia jukwaa, redio na televisheni kwa miaka mingi. Mtafiti Johannes Fabian aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1990, juu ya namna kundi hilo lilivyotengeneza mchezo mmoja mwaka 1986. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walianza na methali, wakabishana juu ya maana yake, wakagawana nafasi, kisha wakaigiza kwa Kiswahili cha Katanga. Mchezo ulipelekwa kijijini ili upigwe picha za televisheni, na watu wa kijiji wakawa sehemu yake.

Leo maofisa wa utamaduni wanatumia maneno makubwa kama “ushirikishwaji wa hadhira”. Kundi la Mufwankolo lilifanya jambo hilo bila kulipa jina. Liliuliza watu wanasema nini, likaigiza yale waliyosema, tena mahali walipo. Simu ya leo inaweza kusaidia kazi hiyo, lakini haiwezi kuifanya badala ya wasanii.

Wasanii wa kizazi kipya wamechukua sehemu ya mafunzo hayo. Mwaka 2008, Sammy Baloji na wenzake walianzisha Lubumbashi shirika la Picha, na mikutano yake ya mwanzo ikakua na kuwa Biennale ya Lubumbashi. Toleo la mwaka 2022 lilibeba jina ToxiCity na kuzungumzia sumu na mji, jambo ambalo mtu anayeishi karibu na kiwanda au mgodi halihitaji kuelezewa. Kituo kingine cha sanaa cha Lubumbashi kinaitwa Waza. Picha, Waza: majina mawili ya Kiswahili ambayo mtoto wa shule anayaelewa. Jina tayari ni tangazo.

Goma nako, Tamasha la Amani lilipoanza Februari 2014, waliolitayarisha waliweka kiingilio cha dola 1 kwa siku ili kijana wa mtaani asibaki nje ya ukuta akisikiliza muziki wa wenzake. Bei ya mlangoni inamwambia mtu kama anatakiwa au hatakiwi, na anaijua kabla hata ya kuona jukwaa.

Lugha si pambo

Katiba yetu inasema katika kifungu cha kwanza kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na lugha za taifa ni nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Lakini ukifungua kurasa za vikundi vya sanaa vya Katanga, unaweza kudhani lugha ni moja tu. Mchezo wenyewe unachezwa kwa Kiswahili, lakini mwaliko unaandikwa kwa Kifaransa cha ofisini: “uzoefu wa kina wa ubunifu wa kisasa”, na mambo kama hayo. Anayesoma anajiambia: hii ni ya wenye shahada, mimi siimo.

Wengine wanatafsiri, lakini wanatafsiri kwa Kiswahili cha kitabu ambacho hakuna anayekizungumza Shituru. Kumbe mwaliko mzuri ungeweza kuwa mfupi hivi:

“Batata na bamama, na batoto bote! Siku ya posho, saa nane ya muchana (14h00), kutakuwa tiatre pa masomo. Kuingia ni bule. Mukuye bote.”

Mistari minne. Ina siku, saa, mahali na bei. Mtu anaweza kuusoma kanisani, kuutangaza kwa megafoni sokoni, kuurekodi kama vokali, na kuutuma kama ujumbe mfupi kwenye simu ya tochi. Afishi ya picha haina uwezo huo wote.

Angalia pia ile saa iliyoandikwa mara mbili. Kwetu kuna anayehesabu saa kwa Kiswahili na kuna anayehesabu kwa Kifaransa. “Saa nane” peke yake inaweza kumleta mtu mmoja mchana na mwingine usiku. Na kama tukio linarushwa moja kwa moja kutoka Kinshasa, kumbuka kwamba Haut-Katanga iko mbele kwa saa moja. Ni makosa madogo, lakini yanamfanya mgeni afike wakati viti vinakusanywa, na mgeni huyo harudi.

Katika mji kama Likasi, lugha inabeba uzito mwingine. Wakaaji wenye umri mkubwa hawajasahau miaka ya 1992 na 1993, wakati maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga na kituo cha treni cha Likasi kikajaa familia zilizokuwa zikisubiri kuondoka. Leo watu wa makabila yote wanaishi tena pamoja katika komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kikundi cha sanaa kinachotoa mwaliko kwa Kiswahili, na kuongeza sentensi mbili za Tshiluba, Kibemba au Kisanga, kinamwambia kila mtu kwamba jina lake limo kwenye orodha. Hilo ni jambo kubwa kuliko biashara ya tiketi.

WhatsApp: chombo kizuri, lakini kijue

Bado WhatsApp ndiyo njia ya simu inayotumiwa zaidi na watu wetu, na kikundi kinachoijua vizuri kinaweza kufanya mengi kwa mega chache. Haya ndiyo mambo ambayo wasimamizi wengi hawayaangalii.

Grupu moja inaweza kupokea watu hadi 1.024. Lakini kila aliyemo anaona namba za wenzake. Msichana akiingia grupu ya mashabiki, anaweza kuanza kupata simu za usiku kutoka kwa watu asiowajua, na suluhisho lake ni kutoka kimya kimya. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2023, zinaficha namba za wafuasi wasionane. Kwa matangazo tu, chaneli ni salama zaidi; grupu iachwe kwa mazungumzo ya watu wanaofahamiana.

Orodha ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mara moja inabeba majina 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo kazi inaanza mlangoni: mwombe mgeni aandike namba ya kikundi kwenye simu yake kabla hajaketi. Ukisahau hatua hiyo, ujumbe wako unaishia hewani.

Statasi inakaa saa 24 tu. Ukiweka tangazo mara moja siku ya Jumatano, aliyenunua mega Ijumaa hatalikuta. Na ujumbe hauwezi kutumwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, sheria ambayo kampuni iliiweka mwaka 2019 ili kupunguza uvumi. Hii ina maana kwamba tangazo linaenea kupitia watu wengi wanaotuma kidogo, si mtu mmoja anayetuma sana. Watu kumi wanaoaminika katika kartie zao wanafaa kuliko kijana mmoja hodari wa kompyuta.

Kisha kuna uzito. Video ya dakika tatu inaweza kumaliza mega za siku nzima za mwanafunzi. Vokali ya sekunde thelathini ni nyepesi sana. Kila afishi ifuatwe na maandishi yale yale chini yake, herufi kwa herufi, ili simu ya asiyeona iweze kuyasoma, na ili mwenye simu dhaifu asilazimike kufungua picha. Video ikiwepo, iwekewe maandishi ya chini kwa ajili ya viziwi. Mambo haya hayadai pesa. Yanadai dakika kumi.

Matangazo ya kulipia kwenye Facebook ni hadithi nyingine. Mtu anaweza kuchagua tangazo lionekane kwa watu wa umri fulani walio karibu na mji fulani, na hilo ni jambo jema kwa mji mdogo. Lakini malipo hufanywa mara nyingi kwa kadi ya benki, na vikundi vingi vidogo havina. Anayeazima kadi ya rafiki aandike makubaliano yao, la sivyo urafiki utaisha kabla ya tamasha.

Jambo la mwisho hapa ni namba za watu. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari binafsi za raia. Daftari la mlangoni lenye majina na namba za simu si mali ya kikundi ya kugawia mfadhili au mwanasiasa anayejiandaa kwa uchaguzi. Mwulize mtu kama anakubali kutumiwa habari, mwambie ni habari za nini, na akisema jina lake lifutwe, lifute. Namba zilizokusanywa kwa ajili ya mchezo zikitumika kwa siasa, watu hawataandika tena.

Mlango wa kweli

Tangazo linaweza kufika vizuri, na mlango bado ukawa umefungwa. Mama anasoma mwaliko, anaona onyesho linaanza saa moja ya usiku. Anahesabu: pikipiki ya kwenda, pikipiki ya kurudi, njia ya giza, watoto watabaki na nani. Anafunga simu. Hakuna alama ya kupendwa inayoweza kushinda hesabu hiyo. Onyesho la pili la saa nane mchana lingemleta, pamoja na watoto wake, na huenda na jirani.

Kwa watu wenye ulemavu, nchi yetu ina sheria tangu tarehe 3 Mei 2022 inayolinda na kuendeleza haki zao. Lakini kumbi nyingi zina ngazi mlangoni na choo ambacho kigari hakiingii. Hapa pia ukweli mdogo unasaidia kuliko ahadi kubwa. Andika kwenye tangazo: “Mlango una ngazi tatu, vijana wetu watasaidia” au “Uwanja ni tambarare, kigari kinapita.” Mtu anayejua atakachokikuta anaweza kuamua mwenyewe. Asiyejua anabaki nyumbani.

Na asidhani mtu kwamba watu wenye ulemavu ni wa kukaa kwenye viti tu. Staff Benda Bilili, wanamuziki wa Kinshasa ambao wengi wao walipata ulemavu kwa ugonjwa wa polio, walitoa albamu yao mwaka 2009, na filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Walikuwa wakipiga muziki mitaani. Jambo la kujiuliza ni hili: kama kundi kama hilo lingekuwa Likasi, je, lingepata namba ya kuandikia, au fomu ya maombi ingekuwa ya Kifaransa, ndani ya intaneti, na ya kujazwa kabla ya usiku wa manane?

Redio bado haijazeeka. Kwa aliye mbali na mji, tangazo la redio ya jamii lina nguvu kuliko ukurasa wowote, na redio hizo zinahitaji vipindi. Kikundi kinachotoa dakika kumi za mchezo wa kuchekesha kila juma kinaweza kupata nafasi ya kutangaza. Vokali ile ile ya WhatsApp inaweza kurushwa hewani bila kurekodiwa upya. Kanisa na msikiti, mwalimu, chifu, mama wa kikundi cha akiba, muuza uniti kwenye kona: hao wote ni mitandao ya kijamii ambayo ilikuwepo kabla ya simu.

Hesabu ya maharage

Wafadhili wanapenda takwimu, na vikundi vinawapa zile zilizo rahisi: watu elfu mbili wameona, mia tatu wamependa. Lakini kuona siyo kuja. Kikundi kinaweza kujua mengi zaidi kwa kutumia mikebe mitano na kilo moja ya maharage.

Weka mikebe mlangoni. Mmoja una picha ya redio, wa pili picha ya simu, wa tatu picha ya kanisa, wa nne picha ya afishi ya ukutani, wa tano picha ya watu wawili wanaozungumza. Kila anayeingia anapewa haragwe moja, analitia kwenye mkebe wa njia iliyomletea habari. Asiyejua kusoma anaweza. Hakuna jina linaloandikwa. Mwisho wa onyesho, hesabu. Baada ya maonyesho matatu kikundi kitajua kama pesa ya mega inaleta watu, au kama ni mama mmoja wa Kikula anayeleta nusu ya ukumbi kwa mdomo wake peke yake. Huyo mama apewe tiketi za bure, na ashukuriwe mbele ya watu.

Ukitaka kujua nani hakuja, toka nje. Uliza sokoni siku mbili baadaye: “Ulisikia? Kama ulisikia, mbona hukuja?” Majibu hayatakuwa matamu yote. Wengine watasema bei, wengine usiku, wengine watasema mchezo wa mwaka jana uliwatukana. Ni afadhali kulisikia hilo kuliko kuhesabu viti vitupu mwaka mzima.

Kurudi Koni

Sanaa inahitaji watu kwa sababu isiyo ya pesa tu. Miji ya shaba imezoea kuona mali ikitoka: madini yanatoka kwa lori, umeme unatoka kwa waya, vijana wanatoka kutafuta kazi Kolwezi. Wimbo, mchezo na picha ni kati ya vitu vichache vinavyoweza kubaki hapa, vikiwa na majina yetu. Lakini vikitangazwa kwa ajili ya walio mbali peke yao, navyo vitatoka kama vingine.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, hatua ya kwanza ni ndogo. Chagua mahali pamoja ambapo tangazo lako halijawahi kufika. Inaweza kuwa Koni, inaweza kuwa barabara ya nyuma ya ukumbi wako. Nenda huko kabla ya kutengeneza afishi. Uliza watu wanasikia habari wapi, siku gani wana nafasi, lugha gani inawakalia vizuri, na wana hadithi gani ambayo hakuna aliyewahi kuicheza. Waache wachague mtu wao mmoja wa kupokea ujumbe na kuupitisha.

Halafu siku ya posho, saa nane ya mchana, angalia ni nani anaingia mlangoni.